Mshono Usio na Namba

Tarehe 3 Novemba 1983, katika kambi ya Prora kisiwani Rügen, Gotthard Petschel, fundi wa kuchomelea mwenye miaka ishirini na mmoja, aliandikishwa jeshini kama askari asiyebeba bunduki. Ujerumani Mashariki ya siku zile iliwaruhusu wachache waliokataa silaha kwa ajili ya imani yao watumikie miezi kumi na minane kwa beleshi, na ili kila mtu awatambue, iliwashonea beleshi dogo begani. Aliyekubali kushonewa alama hiyo aliijua bei yake: chuo kikuu asahau, cheo kazini asahau, na jina lake lingekaa kwenye faili katika ofisi isiyo na kibao mlangoni. Gotthard hakuwa na hamu ya chuo wala cheo. Hakutaka kumlenga mtu, basi.

Kazi waliyopewa ilikuwa kujenga bandari ya vivuko vya treni pale Mukran, jirani na kambi. Gotthard alichomelea nguzo za gati huku upepo wa Baltiki ukimchuna masikio, na alipomaliza muda wake alirudi kwao Niederlohsa, karibu na mpaka wa Poland, akaendelea na kazi yake katika kiwanda cha mabehewa. Miaka mingi baadaye alisoma gazetini kwamba treni zilizovushwa Mukran zilibeba pia shehena za jeshi la Kisovieti. Alimwambia mkewe jambo hilo mara moja tu, akiwa anamenya viazi.

"Nilikataa bunduki moja," alisema, "nikawajengea mlango wa kupitishia elfu."

"Hukujua," Annerose akamjibu.

"Sikuuliza."

Annerose alikuwa muuguzi wa vijijini hadi alipostaafu. Walikutana mwaka 1985 kwenye maombi ya amani ya kila Jumatatu, katika chumba cha nyuma cha kanisa la Kilutheri. Maombi hayo hayajakatika tangu mwaka 1982. Viti hupangwa duara, mshumaa huwekwa kwenye bakuli la mchanga, na jiwe la mto hupitishwa mkono kwa mkono: aliyelishika husema, asiye na neno hulipitisha. Kwa miaka thelathini na zaidi Gotthard na mkewe wameongoza kwa zamu. Mwaka 1989, ukuta wa Berlin ulipokaribia kuanguka, chumba hakikutosha, watu wakasimama mpaka barabarani. Siku hizi huja tisa, na wakizidi kumi na wawili Annerose husema leo kuna harusi.

Mwezi Februari mwaka 2025 wenye kiwanda walitangaza kwamba hawatatengeneza mabehewa tena. Kampuni ya silaha ingeyachukua majengo na nusu ya wafanyakazi, na kazi yake ya kwanza ingekuwa magari ya deraya ya kubebea askari, yatakayopelekwa Ukraine. Kila aliyehitajika alipewa barua ya kusaini kabla ya Jumatano tarehe 28 Mei. Gotthard alipewa ya kwake. Alikuwa amebakiza miezi kumi na sita astaafu, na kama angekataa asingelala njaa: kuna karakana ndogo ng'ambo ya mto zinazomtafuta fundi kama yeye kwa tochi mchana. Shida yake ilikuwa nyingine. Kwa miaka arobaini na miwili alijijua kuwa mtu aliyekataa. Sasa aliombwa kutengeneza chombo cha vita, na walioomba hawakuwa wavamizi bali waliovamiwa.

"Mzee, umeshasaini?" aliuliza Maik, msimamizi wa ukumbi namba tatu, akiketi mbele yake kantini na sahani ya soseji.

"Bado."

"Unangoja malaika akuletee kalamu?"

"Naingoja akili yangu."

"Hiyo itachelewa. Ilikwenda likizo siku ukuta ulipoanguka." Maik alikata soseji. Yeye alisaini siku ile ile barua ilipotoka, hata hakumaliza kuisoma. "Haya, achana na barua. Nina tatizo la chuma."

Tatizo lilikuwa hili. Chuma cha deraya hakifanani na cha behewa. Kikichomelewa kikiwa baridi, hupasuka. Kikichomelewa kwa haraka, hupasuka. Na kibaya zaidi, hakipasuki mbele yako. Hutulia siku nzima kikikuchekea, kisha siku ya pili ufa mwembamba kama unywele hujitokeza ndani kabisa, mahali ambapo jicho halifiki. Vijana wa Maik walikuwa wamejaribu pembe ya chini ya gari la kwanza mara nne, na mara nne imekatwa na kutupwa.

"Chomelea pembe moja tu," Maik alisema. "Hujasaini kitu, hujaahidi kitu. Chuma kwa chuma. Ikipita, inabaki kwenye gari. Isipopita, nitakuwa nimejua kwamba hata Petschel anazeeka."

Lile neno la mwisho ndilo lililomnasa, na Gotthard alilijua kuwa ni chambo hata alipokuwa akilimeza.

Jumatatu tarehe 19 Mei alichomelea kutwa. Alipasha bamba moto mpaka kipimo kikafika pale alipotaka, akaweka safu ya kwanza, akangoja, akapima joto, akaweka ya pili. Kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka kilikwenda mbele yake taratibu, na yeye akakifuata kama mtu anayemfuata ng'ombe wake anayeijua njia. Saa tisa alasiri alivua kinyago na kuutazama mshono uliounganisha mabamba mawili. Ulikuwa na mawimbi madogo yaliyolingana, kama mchanga maji yakishajivuta. Alifurahi. Huo ndio ukweli, na baadaye alimwambia Annerose hivyo hivyo.

Kisha akatia mkono katika mfuko wa kifuani mwa ovaroli. Kila fundi wa kuchomelea hapo ana mhuri wake wa chuma wenye namba, na akimaliza mshono huugonga kwa nyundo pembeni, ili siku ukishindwa ijulikane ni nani wa kuulizwa. Namba ya Gotthard ni 41. Iko kwenye mabehewa yanayopita kila siku kati ya Dresden na Hamburg, na wajukuu wa rafiki zake wameketi juu yake bila kujua. Aliutoa mhuri, akaushika, akautazama. Akaurudisha mfukoni na kwenda kunawa.

Alikuwa ameshaifikiria hesabu yake: kazi ingefanyika, Maik angepumua, na namba isingekuwepo. Mshono usio na namba ni kama haukutoka mkononi mwa mtu.

Chuma hicho hungojewa saa arobaini na nane kabla ya kupimwa, kwa sababu ya zile nyufa za kuchelewa. Jumatano akaja Larysa Hnatenko na kifaa chake. Larysa ana miaka arobaini na saba, ni mpimaji wa mishono kwa mawimbi ya sauti, kazi aliyoifanya Kharkiv kwa miaka ishirini. Alipofika Niederlohsa mwezi Machi 2022 akiwa na sanduku moja na paka, Gotthard na Annerose walimpa chumba cha juu, akakaa nao miezi minane. Gotthard ndiye aliyempeleka kiwandani, akamfundisha maneno ya Kijerumani ya kazi na taratibu za pale. Tangu wakati huo huja kwenye maombi ya Jumatatu, ingawa husema yeye na Mungu wanasalimiana kwa mbali.

Alipaka mshono jeli, akatembeza kipimo kuanzia mwanzo hadi mwisho, akarudia. Ilimchukua saa nzima. Kisha akainama kutafuta kitu pembeni mwa chuma, akazunguka upande wa pili, akainama tena. Akaenda kumtafuta Gotthard kwenye benchi lake.

"Bwana Gotthard, mshono ni safi. Tangu nije hapa sijapima mwingine kama huu. Namba iko wapi?"

"Andika umepita."

"Siwezi. Mshono usio na namba hauna mwenyewe, unakatwa. Ni wewe uliyenifundisha, tena ulinifundisha kwa ukali."

"Basi andika namba ya Maik."

"Maik anachomelea kama anayepaka mkate siagi. Nikiandika Maik, hata mashine yangu itacheka."

Gotthard alipangusa mikono ambayo tayari ilikuwa safi. "Larysa. Kazi nimeifanya au sijaifanya? Gari litakwenda. Namba yangu haina haja ya kwenda nalo."

Larysa alivua miwani ya kazi, akaikunja.

"Kaka yangu Ostap anaendesha gari la namna hii," alisema. "Unalijua hilo. Akikanyaga bomu la ardhini, pembe hii iko chini ya magoti yake. Siombi umpende. Siombi hata uwe upande wetu. Nataka aliyeushona mshono huu awe mtu aliyekuwa tayari kujibu ukipasuka."

"Hautapasuka."

"Basi piga namba."

"Hapo ndipo ninaposhindwa."

"Na mimi hapo ndipo ninaposhindwa kuupitisha." Alibandika kibandiko chekundu juu ya bamba, akaandika tarehe. Kwa utaratibu, mshono wenye kibandiko hicho hungojewa wiki moja. Usipopata mwenyewe, hukatwa. Alipomaliza aliuliza, kwa sauti ile ile, "Annerose yupo nyumbani jioni? Nina bakuli lake."

Jioni ile kulikuwa na viazi vya kuchemsha, jibini laini na mafuta ya mbegu za kitani. Gotthard alisubiri mpaka mkewe amalize kuvimwagia mafuta, ndipo akamweleza yote, pamoja na ile furaha ya saa tisa alasiri.

Annerose aliweka uma chini. "Umeuchomelea."

"Sijapiga namba."

"Nimesikia. Kwa hiyo umekubali bila kukubali."

"Sijasaini lolote."

"Gotthard, bandari uliijenga bila kuuliza. Gari umelijenga bila kusaini. Mara ile ulikuwa kijana."

Gotthard alikula kiazi kimoja, kisha cha pili.

"Msimamo wangu unaujua," Annerose aliendelea. "Kila taifa lililowahi kupigana lilisema halina njia nyingine, na mara nyingine lilisema kweli. Ndiyo maana lazima wabaki watu wachache ambao hawajashika kitu, ili siku pande mbili zikichoka kuuana ziwe na mtu wa kumwendea. Sisi ni wazee tisa na mshumaa. Lakini tukianza na sisi kuchomelea, atabaki nani? Ukikataa nitafurahi. Ukisaini nitakupinga mezani hapa mpaka nikuzike au unizike. Lakini ukijificha nyuma ya mshono usio na namba, sitajua nimeolewa na nani."

"Larysa amesema karibu hayo hayo."

"Larysa ana akili. Kula, vinapoa."

Siku zilizofuata hakusema naye mtu kuhusu jambo hilo. Maik alipita mara mbili karibu na lile bamba, akakitazama kibandiko, akapiga mluzi, akaenda zake. Alhamisi Gotthard alienda kutembea kando ya mto peke yake. Ijumaa alianza kuandika barua ya kukataa. Sentensi ya kwanza ilikuwa nzuri, ya pili ilianza na neno "dhamiri", na alipoisoma aliona imeandikwa na yule kijana wa Prora. Aliichana. Kijana yule alikuwa amekataa kuwalinda wakubwa wake mwenyewe. Hakuwa amewahi kuulizwa kama angemkatalia mtu anayevunjiwa mlango.

Jumatatu tarehe 26 Mei walikuwa tisa, kama kawaida. Zamu ilikuwa ya Annerose. Alitaja mahali penye vita, pamoja na pale ambapo magazeti yamechoka kupataja, kisha akatoa jiwe. Mtu wa kwanza aliomba mvua. Wa pili alilipitisha. Jiwe likafika kwa Larysa.

"Jana nimeongea na mama," alisema. Mama yake ana miaka sabini na minane na hakukubali kuhama. Kijiji chake sasa kiko ng'ambo ya mstari wa mapigano, upande wa Warusi. "Jirani alipanda juu ya paa kutafuta mtandao. Dakika nne. Mama aliniuliza kama nakula." Aligeuza jiwe mkononi. "Kila Jumatatu tunaomba amani hapa, na mimi naomba pamoja nanyi. Lakini nikifumba macho naona ramani. Wakisaini mapatano leo, mstari unapita kati yangu na mama."

"Na wasiposaini leo?" aliuliza Annerose. Si kawaida kumuuliza mwenye jiwe, lakini hao wawili walikuwa wamekaa nyumba moja.

"Wasiposaini, mstari unapita juu ya mama."

"Kwa hiyo hujui lililo sawa."

"Sijui. Wewe unajua?"

"Najua nisichoweza kukitengeneza. Zaidi ya hapo, hapana."

"Mimi ninangoja nijue," Larysa alisema. "Lakini Ostap hawezi kuningoja. Yuko ndani ya gari." Akampa Gotthard jiwe.

Gotthard alilipokea. Alipozungumza, aliutazama mshumaa.

"Kiwandani kuna mshono wenye kibandiko chekundu. Ni wangu. Kesho nitaupiga namba. Keshokutwa nitasaini." Alilihamishia jiwe mkono wa pili. "Sisemi ni haki. Anayesema haya yote yana jibu moja, simwamini, awe mwenye kuuza magari au mwenye kuwasha mshumaa. Nasema nimeufanya, na sitaki ufanywe na mtu asiyekuwepo. Basi." Akalipitisha jiwe.

Hakuna aliyemjibu, maana ndiyo desturi. Baada ya wimbo, wengine walipokuwa wakivaa makoti, Annerose alifungua kabati ya bakuli na mishumaa. Ndani ya mlango wake imebandikwa karatasi ya mwaka 1982, iliyopigwa chapa kwa mashine yenye herufi moja iliyovunjika, ambayo hakuna aliyekuwa na haja ya kuisoma kwa miaka mingi. Ina mistari mitano. Wa nne unasema kwamba anayeongoza maombi haya hatengenezi silaha wala haziuzi.

"Unaujua mstari wa nne," alisema.

"Naujua."

"Basi huongozi tena."

"Najua, Annerose. Nilijua kabla sijafungua mdomo."

"Ningeweza kuwaomba wenzetu waubadilishe. Wanakupenda, wangekubali."

"Usiwaombe."

"Sikuwa na nia ya kuwaomba. Nilitaka ujue kwamba nimeliwaza." Alifunga kabati. Gotthard alipanga viti ukutani, kisha akashika meza, na Annerose akashika upande wa pili.

"Umekasirika?" Gotthard aliuliza.

"Sana. Inua upande wako, unakwaruza sakafu."

Jumanne asubuhi Gotthard aliweka mhuri pembeni mwa mshono na kuugonga mara tatu. Larysa alikuwa amesimama hapo na karatasi zake. Alisugua namba kwa kidole gumba kuhakikisha imeingia, akabandua kibandiko chekundu, akakikunja kikawa kidogo na kukitia mfukoni. Hakumshukuru, na Gotthard angeona vibaya kama angemshukuru. Alimwambia tu kwamba kona ya kushoto ina chuma kilichozidi kidogo, aisage.

"Wapi?"

"Hapa. Milimita moja."

"Hiyo si kuzidi. Hiyo ni ukarimu."

"Saga, Bwana Gotthard."

Aliisaga. Siku iliyofuata alisaini barua mbele ya Maik, ambaye kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa hakupata utani wa kusema, akaishia kumuuliza kama ovaroli yake mpya aandike saizi ile ile.

Jioni hiyo Annerose alikaa mezani akaandika barua kwa gazeti la wilaya, kurasa mbili, kupinga kiwanda cha mabehewa kugeuzwa cha silaha. Alimpa mumewe aisome kabla ya kuituma, kama anavyompa kila barua, maana yeye hukosea alama za mkato. Gotthard aliisoma mara mbili akiwa amevaa miwani.

"Umeandika vifaru," alisema. "Si vifaru. Ni magari ya deraya ya kubebea watu."

"Yana tofauti?"

"Yana tofauti kubwa. Wakikukamata kwenye hilo, hawatasoma yaliyobaki."

Alifuta, akaandika upya. "Na hapa, niliposema wafanyakazi hawakupewa nafasi ya kuchagua?"

Gotthard alifikiri. "Futa. Tulipewa."

Aliifuta sentensi hiyo pia. Gotthard akaongeza alama nne za mkato, akaondoa moja, akamrudishia.

Barua itatoka gazetini Jumamosi. Jumatatu tarehe 2 Juni Gotthard anaanza zamu ya saa kumi na mbili asubuhi katika ukumbi namba tatu, ambako gari la kwanza lina mishono mia mbili na kumi iliyobaki.